Kuwatazama Ndege wa Porini Karibu na Nyumbani Wakati wa Baridi Kali ya Minnesota

Watu wengi hudhani kwamba kuanzia Novemba hadi Machi ndege wote wa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, huwa wamehama, na kwamba anayetaka kuwatazama hana budi kungoja mpaka majani yachipue tena. Dhana hiyo ina ukweli kwa upande mmoja tu. Mbayuwayu na wengine walao wadudu wanaoruka huondoka kweli, kwa kuwa katika baridi ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri hapana mdudu arukaye. Lakini ndege wanaokula mbegu, matunda yaliyokauka mitini, na mayai ya wadudu yaliyojificha chini ya magome hubaki, na wapo hata wanaosafiri kutoka misitu ya Kanada kuja kukaa hapa msimu mzima, kwa sababu kwao Minnesota ndiyo kusini.

Mimi nashikilia kwamba majira haya ndiyo yanayomfaa zaidi mtu anayeanza kujifunza ndege. Miti haina majani, kwa hiyo ndege hana pa kujificha. Aina zinazoonekana karibu na nyumba ni chache, pengine kumi au kumi na tano, ambapo mwezi Mei anayeanza hukabiliwa na aina nyingi kupita kiasi zikipita kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, ndege wale wale hurudi mahali pale pale kila siku, hivyo mtazamaji hupata nafasi ya kuwajua vizuri badala ya kuwaona mara moja na kuwapoteza. Mwongozo huu unawahusu hasa wasomaji wa Kiswahili waliohamia Minneapolis, St. Paul na miji ya jirani, ingawa mengi yaliyomo yatawafaa pia walioko Iowa, Ohio au Maine.

Anza na dirisha moja

Kabla ya kununua chochote, chagua dirisha moja la nyumba yako na uligeuze kuwa mahali pako pa kutazamia. Dirisha linalofaa ni lile linaloelekea mti, kichaka au ua wa mimea, kwa sababu ndege mdogo hapendi kuvuka uwanja mtupu. Akimwona kipanga akiwa mahali pa wazi, hana pa kukimbilia. Miti isiyopukutisha majani, kama misonobari na mierezi, ina thamani ya pekee, maana ndani yake ndege hujikinga na upepo na hulala usiku. Ukiwa unaishi ghorofani, usikate tamaa: dirisha la ghorofa ya tatu linalotazama vilele vya miti huonyesha vigogota na kunguru kuliko dirisha la chini.

Zima taa ya chumba, sogeza kiti nyuma kidogo ya kioo, kisha tulia. Ndege hutambua mwendo wa ghafla upesi kuliko umbo, kwa hiyo mtu aliyekaa kimya na kunywa chai yake taratibu hawashtui, lakini anayenyanyuka na kunyoosha kidole huwatawanya wote. Wafundishe watoto jambo hilo mapema, nao watalishika vizuri kuliko watu wazima. Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis huchomoza karibu saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi na hutua baada ya saa kumi na nusu jioni. Ndege ana mwanga kwa muda usiofika saa tisa wa kutafuta chakula cha kumvusha usiku mrefu, na ndiyo sababu saa ya kwanza baada ya mapambazuko na saa ya mwisho kabla ya giza huwa na shughuli nyingi. Kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku, saa hiyo ya asubuhi huangukia pale anaporudi nyumbani.

Tumia wiki ya kwanza kutazama tu, bila kuweka chakula. Utajua ndege wanatokea upande gani, wanatua tawi lipi, na paka wa jirani anapita wapi. Maarifa hayo ndiyo yatakayokuongoza baadaye utakapochagua mahali pa kutundika chombo cha kulishia.

Vifaa

Darubini ya mikono miwili yenye alama 8x42 inatosha kabisa kwa kazi hii. Tarakimu ya kwanza inaeleza kwamba kitu kitaonekana kimekaribia mara nane, na ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, ambacho kikiwa kikubwa huingiza mwanga mwingi zaidi katika asubuhi za kiza. Usishawishike na zinazokuza mara 12 au zaidi, kwa kuwa mtetemo wa mkono nao hukuzwa kiasi hicho hicho na uwanja wa kuonea hupungua. Unapotazama kwa darubini kupitia dirishani, elekea kioo moja kwa moja, si kwa mshazari, na kioo chenyewe kiwe safi, la sivyo picha itakuwa na ukungu ambao utalaumu darubini bure.

Daftari ni muhimu kuliko darubini. Andika tarehe, saa, kiwango cha baridi, hali ya upepo na theluji, kisha aina za ndege na idadi yao. Hapa kuna kanuni moja ambayo watafiti nao huifuata: usijumlishe kila ndege anayetua, bali andika idadi kubwa kabisa ya aina hiyo uliyoiona kwa wakati mmoja. Ndege mmoja anaweza kurudi kwenye chombo mara ishirini kwa saa, na ukimhesabu kila mara utadhani una kundi zima.

Kwa utambuzi, programu ya simu iitwayo Merlin Bird ID, iliyotengenezwa na Cornell Lab of Ornithology, kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell, hutolewa bure na huweza kumtambua ndege kwa picha, kwa sauti au kwa maswali machache kuhusu ukubwa na rangi. Naipendekeza, lakini kwa sharti moja: kwanza mtazame ndege mwenyewe, umwandike jinsi alivyo, kisha ndipo uiulize simu. Anayeanza na simu hujua majina bila kuwajua ndege.

Chakula na maji

Ukiruhusiwa kuweka chombo cha kulishia, weka mbegu za alizeti zenye ganda jeusi tupu. Ganda lake ni jembamba, mafuta yake ni mengi, na karibu kila ndege wa majira haya huila. Magunia ya mchanganyiko wa bei nafuu mara nyingi yamejazwa mtama mwekundu, ambao ndege wa huku kaskazini huupekua na kuutupa chini, ukaoza au kuwaita panya. Cha pili ni shahamu, yaani mafuta magumu ya ng'ombe, inayouzwa ikiwa imefinyangwa kuwa vipande vya mraba na kutundikwa ndani ya kikapu cha waya. Vigogota huipenda kuliko chochote, na katika baridi hii haiyeyuki wala haichachi. Karanga zinafaa mradi zisiwe na chumvi. Mkate na mabaki ya ugali hayafai, kwa kuwa hulijaza tumbo la ndege bila kumpa mafuta ambayo mwili wake unayachoma usiku.

Chiriku hupenda mbegu nyembamba nyeusi za nyjer, zao la mafuta ambalo asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Mbegu hizo hupashwa joto kali kabla ya kuuzwa Marekani ili zisiweze kuota. Ni ghali, nazo zinahitaji chombo chenye matundu madogo mno, kwa hiyo mtu anayeanza anaweza kuziacha kwa mwaka wa kwanza.

Maji husahaulika, ilhali mahali ambapo kila dimbwi limegeuka jiwe, sahani ya maji yasiyoganda huwavuta hata ndege ambao hawali mbegu. Yapo mabeseni yenye kipasha joto kidogo cha umeme kinachozuia maji kuganda. Asiye na umeme wa nje anaweza kutoa sahani ya maji ya uvuguvugu kila asubuhi na kuiondoa ikiganda. Usitie chumvi wala dawa yoyote ya kuzuia barafu.

Umbali kati ya chombo na dirisha ni suala la uhai. Ndege wengi hufa kwa kugonga vioo, kwa sababu huona humo taswira ya anga na miti na hudhani pana njia. Chombo kiwe ama karibu sana na kioo, chini ya mita moja, ili ndege anaporuka kwa hofu asiwe amepata kasi ya kumuua, au kiwe mbali zaidi ya mita 10. Umbali wa katikati ndio wa hatari. Dirisha lenye kugongwa mara kwa mara libandikwe alama ndogo upande wa nje, zikiwa zimeachana sentimita 5 hivi. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati ya kioo haisaidii, kwani ndege hupita pembeni yake.

Baadhi ya wenye nyumba hukataza kabisa kulisha ndege, hasa katika majengo ya kupangisha, kwa kuogopa panya na uchafu. Soma mkataba wako kwanza. Vipo vyombo vidogo vya plastiki angavu vinavyoshikilia kioo kwa mpira wa kunyonya, ambavyo humwaga mbegu kidogo, na huenda mwenye nyumba akavikubali ukimwomba. Akikataa, bado una dirisha, na bado una bustani za jiji.

Wengine huogopa kwamba ndege wakizoea kulishwa watakufa siku mlishaji atakaposafiri. Utafiti uliofanywa Wisconsin na kuchapishwa mwaka 1988 juu ya chikadi, ndege nitakayemweleza hivi punde, unajibu sehemu ya hofu hiyo. Miongoni mwa waliopata mbegu za ziada, asilimia 69 walivuka majira ya baridi, ilhali miongoni mwa waliojitegemea walivuka asilimia 37. Utafiti uliofuata wa watafiti hao hao ulionyesha kwamba chikadi walioondolewa vyombo baada ya kuvizoea hawakufa kuliko wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Kwa hiyo safiri kwa amani, lakini jua kwamba katika usiku mbaya kabisa mbegu zako zina uzito wa kweli.

Ndege wa kuanza nao

Anza na chikadi mwenye kofia nyeusi, kwa sababu yeye atakutafuta kabla hujamtafuta. Ni ndege mdogo wa gramu 11 hivi, kichwa na koo vyeusi, mashavu meupe, mgongo wa kijivu. Hakai kwenye chombo kula. Huchukua mbegu moja, huruka nayo tawini, huibana kwa miguu na kuipasua kwa mdomo, kisha hurudi. Mara nyingine haipasui, bali huenda kuificha katika ufa wa gome, kila mbegu mahali pake, na huweza kukumbuka maficho hayo kwa wiki kadhaa. Sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali, ambayo wataalamu huiita hipokampasi, hukua kwake wakati wa vuli, msimu ambao kazi ya kuficha huwa nyingi. Tenga asubuhi moja umfuatilie chikadi mmoja tu kwa macho, uone mbegu ngapi anakula na ngapi anaficha. Zoezi hilo hufundisha kutazama kuliko orodha ndefu ya majina.

Sikiliza pia mlio wake, ambao ndio uliompa jina: "chika-dii-dii-dii". Watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba idadi ya "dii" za mwishoni huongezeka kadiri adui aliyeonekana alivyo hatari. Bundi mdogo mwepesi, anayeweza kumfukuza chikadi kati ya matawi, hupigiwa "dii" nyingi kuliko bundi mkubwa mzito. Ndege wengine wanaujua mlio huo na huufuata, na ndiyo sababu chikadi husafiri msituni akiwa na wafuasi wa aina nyingine. Ukisikia kundi la chikadi linalia kwa haraka na kwa kurudia "dii" nyingi, inua macho utafute kipanga au bundi karibu.

Miongoni mwa wafuasi hao ni nathachi mwenye kifua cheupe, ambaye utamtambua kwa tabia moja tu: huteremka shina la mti kichwa kikiwa chini. Hivyo huona chakula katika nyufa ambazo kigogota, anayepanda kutoka chini kwenda juu, amezipita bila kuziona. Vigogota nao ni wawili wanaofanana mno, wote weusi na weupe, madume wakiwa na doa jekundu kisogoni. Usipoteze muda kulinganisha ukubwa wa miili yao, bali tazama mdomo. Mdomo wa kigogota mdogo hauzidi nusu ya urefu wa kichwa chake, na wa kigogota mkubwa unakaribia kulingana na kichwa chenyewe.

Kardinali dume ni mwekundu mwili mzima, ana kishungi kichwani na uso mweusi kuzunguka mdomo. Juu ya theluji hakuna mwingine wa kumchanganya naye. Jike ni wa rangi ya udongo mkavu, mwenye wekundu hafifu mabawani na mkiani, na kwa macho yangu ndiye mzuri zaidi, ingawa wengi humpita bila kumwangalia mara mbili. Hawa huja kula mapema kabla ya wengine na huwa wa mwisho kuondoka jioni, wakati mwanga umebaki kidogo mno kuonyesha rangi, kwa hiyo umtambue kwa umbo la kishungi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kardinali alikuwa adimu Minnesota, na katika miongo iliyofuata akaenea kuelekea kaskazini. Mwezi Februari, theluji ikiwa bado imejaa, dume huanza kuimba kutoka kileleni mwa mti. Jike naye huimba, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wengi wa Amerika ya Kaskazini.

Chini ya chombo, ardhini, tafuta junko, wa kijivu cha mkaa juu na mweupe tumboni, ambaye akiruka huonyesha manyoya meupe pande zote mbili za mkia. Huyu ndiye mgeni kutoka kaskazini, hufika Oktoba na kuondoka Aprili. Hua wa Marekani naye hula chini, wakati mwingine vidole vyake vikiwa vimekatika kwa kuganda. Jei wa buluu huja kwa kishindo, hujaza koo mbegu nyingi kwa mpigo, na huiga mlio wa kipanga, pengine ili wengine watawanyike naye apate nafasi. Chiriku wa Marekani hukoseshwa jina mara nyingi, kwa sababu dume aliyekuwa wa manjano angavu Julai huvaa rangi ya kijani kilichofifia ifikapo Desemba, na mtazamaji hudhani ni aina nyingine.

Shomoro wa nyumbani na kwezi wa Ulaya hawakuwa wa bara hili. Wote wawili waliletwa na watu katika karne ya 19, na kwezi wanaojulikana zaidi waliachiliwa Central Park, New York, mwaka 1890. Shomoro huyo huyo aliletwa pia Unguja na sasa anaonekana katika miji mingi ya pwani yetu, kwa hiyo mzaliwa wa Mombasa atakuwa na angalau ndege mmoja anayemfahamu tangu siku ya kwanza.

Tazama jinsi wanavyoishinda baridi

Majina yakishakaa kichwani, geukia miili na mienendo. Siku ya baridi kali utaona ndege amekuwa duara. Hakunenepa, bali amesimamisha manyoya yake ili hewa inaswe kati yake, nayo hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisitoke. Utamwona amesimama kwa mguu mmoja na mwingine ameuficha tumboni, kisha anabadilisha. Miguu haigandi kirahisi kwa sababu damu ya moto inayoshuka hupita bega kwa bega na damu baridi inayopanda, ikaipasha joto kabla haijafika mwilini, na yenyewe ikafika vidoleni imepoa, hivyo joto linalopotea kwenye theluji ni dogo.

Usiku chikadi hufanya zaidi ya hapo. Hujiingiza peke yake katika tundu la mti, hutetemesha misuli ya kifua ili kuzalisha joto, na huliachia joto la mwili wake, ambalo mchana ni karibu nyuzi 42, lishuke kwa nyuzi 10 hivi ili akiba ya mafuta idumu. Akiba hiyo ameiweka siku hiyo hiyo na ataimaliza kabla ya mapambazuko. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini asubuhi ya nyuzi 28 chini ya sifuri chombo chako kina msongamano, na kwa nini si vyema kutoka nje mara kwa mara kuwafukuza ili upige picha ya karibu.

Siku moja uwanja wote utanyamaza ghafla. Chikadi watakuwa wameganda mahali walipo, nathachi amejibana shinani bila kutikisika, na chombo ni kitupu. Hapo kipanga wa Cooper yupo, mwenye mabawa mafupi na mkia mrefu, mwindaji wa ndege wenzake. Watu hukasirika wanapomwona akimnyakua hua mbele ya macho yao, na wapo wanaotoka na ufagio kumfukuza. Nakuomba usifanye hivyo. Naye ana usiku ule ule wa kuvuka, na kumtazama akiwinda ni miongoni mwa mambo makubwa utakayoyaona bila kuondoka nyumbani. Akizoea mno mahali hapo, ondoa chombo kwa siku kadhaa, naye atahama.

Unapotoka nje

Vaa nguo kwa tabaka: ya ndani isiyo ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukaa na baridi, ya katikati ya sufu, na ya nje ya kuzuia upepo. Vaa glovu nyembamba ndani ya zile nene, ili uweze kurekebisha darubini bila kuacha vidole wazi. Upepo ndio unaoumiza kuliko kipimajoto kinavyosema, kwa hiyo angalia kiwango cha baridi pamoja na upepo, na kikishuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, rudi dirishani. Simu iwe ndani ya koti karibu na mwili, maana betri hufa haraka katika baridi. Unaporudi nyumbani, iache darubini ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa muda, ipate joto polepole, vinginevyo unyevu utatanda juu ya vioo vyake.

Mahali pa kwenda ni penye maji yanayokwenda. Maziwa ya Minneapolis huganda, lakini mto Mississippi hubaki wazi chini ya mabwawa na mahali penye mkondo mkali, na hapo hukusanyika bata, mabata bukini na tai mwenye kichwa cheupe. Tai huyu alikaribia kutoweka kwa sababu ya dawa ya DDT, iliyofanya maganda ya mayai yake kuwa membamba. Dawa hiyo ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na mwaka 2007 tai akaondolewa katika orodha ya nchi hiyo ya wanyama walio hatarini. Ukipata siku nzima, nenda Monticello, kaskazini-magharibi ya Minneapolis, ambako maji ya uvuguvugu kutoka mtambo wa umeme huuzuia mto usigande na mamia ya mabata maji makubwa meupe hukaa hapo majira yote ya baridi.

Katikati ya Minneapolis, jioni za Desemba na Januari, kunguru kwa maelfu huja kulala pamoja mitini. Ndege hawa hawahitaji darubini wala nauli, ila kufika kabla ya giza na kutazama juu.

Na usiku usimwogope bundi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa pana msiba unakuja, na najua imani hiyo haiondoki kwa kuvuka bahari. Bundi mkubwa mwenye pembe za manyoya hulia Desemba na Januari kwa sababu anaoana, na jike hutaga mayai mwishoni mwa Januari au Februari, akiyalalia hata theluji ikimwangukia mgongoni. Ukimsikia, fungua dirisha kidogo usikilize kama wanajibizana wawili, maana sauti ya jike ni nyembamba kuliko ya dume ijapokuwa yeye ndiye mkubwa kwa mwili.

Kuhesabu pamoja na wengine

Daftari lako linaweza kuwa na faida kwa sayansi. Hesabu ya ndege ya Krismasi ilianza tarehe 25 Desemba 1900, kwa wito wa mtaalamu wa ndege Frank Chapman, badala ya desturi ya siku hiyo ya kwenda kuwinda ndege kwa mashindano. Leo hufanyika kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, na vikundi huwapokea wanaoanza. Project FeederWatch huendelea kuanzia Novemba hadi Aprili kwa wanaohesabu wakiwa nyumbani, kwa ada ndogo ya mwaka. Rahisi kuliko zote ni Great Backyard Bird Count ya mwezi Februari, iliyoanza mwaka 1998, ambayo hudai dakika 15 tu za kuhesabu na haina malipo. Tangu mwaka 2013 inapokea hesabu kutoka dunia nzima, kwa hiyo unaweza kupanga na ndugu walioko Tanga au Kisumu mhesabu siku moja, wewe ukiwa na chikadi na junko, wao wakiwa na chozi na kunguru.

Usafi na sheria

Mahali ndege wengi wanapokula pamoja ndipo magonjwa yanapoenea. Safisha chombo kila baada ya wiki mbili kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, kisuuze sana, na kikauke kabisa kabla ya kukijaza tena. Zoa maganda na mavi yaliyorundikana chini. Ukiona ndege aliyevimba macho au aliyezubaa asiyeruka unapomkaribia, ondoa vyombo vyote kwa wiki moja au mbili ili watawanyike. Ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, na usiwaruhusu watoto kumchezea.

Jua pia kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamao inakataza kumkamata, kumfuga au kumuua karibu kila ndege wa porini wa nchi hiyo, na marufuku hiyo inagusa hata viota, mayai na manyoya. Unyoya mwekundu wa kardinali ulioanguka kwenye theluji uuangalie, uupige picha, kisha uuache pale pale.

Ifikapo mwisho wa Machi, wanaoishi kaskazini mwa Minnesota waondoe vyombo vyote vya chakula, kwa sababu dubu huamka wakiwa na njaa na hunusa alizeti kutoka mbali. Wanaoishi mjini wanaweza kuendelea, ila shahamu iondolewe siku za joto zikianza, maana huyeyuka na kunata kwenye manyoya. Mbegu zilizobaki zihifadhiwe kavu ndani ya ndoo ya bati yenye kifuniko, kwani ile ya plastiki kindi huitafuna, na tarehe utakayomwona junko wa mwisho iandike daftarini, uilinganishe na ile ya mwakani.